Kumvisha Roboti Kikoi Hakumfanyi Mtu wa Pwani

Wiki iliyopita mulinitagi kwenye vidio moja mara kumi na saba. Nlihesabu. Roboti mrefu amesimama mbele ya Fort Jesus, mabega mapana kama kontena, kifua chawaka taa ya buluu, na kiunoni kafungwa kikoi. Taarab chini, midundo juu. Komenti zote moto. "Hii ndio Pwani ya kesho." "Mombasa tumefika."

Hatujafika popote. Nisikizeni kidogo kabla hamujaanza kunitusi.

Mvueni yule roboti kikoi. Halafu futeni Fort Jesus pale nyuma. Kimebaki nini? Roboti yule yule wa filamu za Marekani na katuni za Kijapani tuliyemuona tangu tuko darasa la pili. Magoti yale yale, mwendo ule ule wa mtu aliyevaa suti nzito, mkono ule ule unaogeuka bunduki. Hakuna hata skrubu moja iliyotoka hapa. Sisi tumeleta nguo tu. Na ndio ugomvi wangu wa leo: sisi vijana tunaochora viumbe vya mashine kwa animesheni tumekuwa mafundi cherehani wa maroboti ya watu wengine.

Kabla hujaniambia nina wivu, nianze na aibu yangu mwenyewe. Munamkumbuka kaa wangu? Yule kaa wa chuma aliyepanda kutoka baharini usiku, akapita Ndia Kuu yote hadi mlango wa nakshi ukajifungua? Ndio posti iliyonipa nusu ya mafolowa nilio nao. Watu walilia. Mimi mwenyewe nliiangalia mara mia.

Basi siku moja nlikuwa nimekaa kule chini, upande wa bahari, kuna mzee ambaye hutega pale tangu sijazaliwa. Nikamwonyesha kwa simu, nikingojea sifa. Akaangalia mpaka mwisho. Akaomba niirudie. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, huyu kaa wako ni mgonjwa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Huyu atembea mbele kama ng'ombe. Na miguu yake haishiki chini, yateleza. Hii ni meza, mwanangu. Meza yenye miguu."

Nlikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikashuka tena, maji yametoka, nikakaa kwenye mwamba nikawaangalia kaa kwa saa nzima bila kupiga picha hata moja. Na kila alilosema yule mzee lilikuwa kweli. Kaa ana miguu kumi, na hiyo miwili ya mbele ni magando, kwa hivyo ya kutembelea ni minane. Wangu alikuwa na sita, kwa sababu nlimnakili kutoka mchoro wa mtu ambaye naye sijui alimnakili kwa nani. Viungo vya miguu ya kaa vimekaa kama bawaba za mlango: vyakunja vizuri upande mmoja tu, kwenda nje na kurudi ndani. Ndio maana aenda kombo. Akienda kulia, miguu ya kulia yavuta na ya kushoto yasukuma. Halafu akisimama, hasimami kama gari lililopiga breki. Mwili washuka kidogo, kama mtu anayekaa kitako, na macho yabaki juu kwenye vijiti vyake yakiangalia huku na huku. Ile kushuka tu, ile nusu sekunde, ingemfanya kaa wangu awe hai. Sikuiweka kwa sababu sikuijua. Na sikuijua ilhali nimelala mita mia tatu kutoka baharini maisha yangu yote.

Sasa mtasema, haya, huo ni uvuvi, animesheni ni kitu kingine. Hapana. Kule Berkeley, California, kuna mwanabiolojia aitwa Robert Full. Kazi yake miaka mingi imekuwa kuwatembeza kaa, mende na mijusi kafiri maabarani na kupima kila hatua. Kwa watu wazima wengi hapa mtaani hiyo si kazi, ni wazimu. Lakini Pixar walipokuwa wakitengeneza A Bug's Life iliyotoka 1998, alikuwa mmoja wa watu waliowashauri namna wadudu watembeavyo. Na yale yale aliyojifunza kwa mende yakasaidia kuunda RHex, roboti wa miguu sita anayepanda mawe na kupita matope. Kila mguu una mota moja tu! Siri yake ni kwamba miguu imepinda na yanesa kama springi, kwa hivyo yasamehe makosa ya ardhi, na hutembea mitatu chini mitatu juu, kama mdudu. Mwaka 2000 Full na wenzake wakapima nguvu ya unywele mmoja wa unyayo wa mjusi. Unywele mmoja. Mjusi ambaye wewe humpiga kwa kandambili akiwa kwenye boriti.

Kwa hivyo mende mmoja katoa filamu na roboti. Darasa ni moja.

Na hili nalijua kwa njia chungu. Wengine mwajua nliacha chuo mwaka wa pili. Nlikuwa nasoma uhandisi wa mitambo na umeme, karo ikakatika, hadithi ndefu, si ya leo. Lakini nakumbuka muhula mzima tulipiga hesabu za mkono wa roboti ubaoni. Namba zimejaa kwenye mabano makubwa, mwalimu aandika, sisi twanakili, hakuna aliyeona mkono wowote. Miezi sita baada ya kutoka, nafungua Blender, namwekea kiumbe mifupa, nashika unyayo wake nauweka juu ya ngazi. Goti likajikunja lenyewe. Nyonga ikafuata. Nikaruka kitini. Ile ndiyo hesabu ya ubaoni! Unaiambia mashine unyayo uende wapi, yenyewe yarudi kinyumenyume kutafuta goti likae vipi na nyonga ikae vipi. Mkono wa roboti kiwandani hufanya hivyo hivyo. Mtu angeniambia hilo mwaka wa kwanza, labda ningeuza hata simu nibaki.

Turudi kwa viungo, maana hapa ndipo nawashika wengi. Chukua punda. Tumejaa watu wenye ndugu Lamu, kila mwaka twaenda, kila mwaka twapiga picha na punda. Haya, mguu wa nyuma wa punda, pale katikati panapokunjika kwa nyuma, ni nini? Tisa kati ya kumi mtaniambia goti. Si goti. Ni kifundo, pale kisigino chako kilipo. Goti lake liko juu, karibu na tumbo, na lakunja mbele kama lako. Punda asimama juu ya kidole kimoja kila mguu, na kwato ni ukucha. Ukishajua hivyo, huwezi tena kuchora punda wa chuma mwenye "magoti ya kinyume" yanayoelea bila sababu. Utajua mota kubwa ikae wapi: juu, karibu na mwili, ili mguu wa chini uwe mwepesi wa kurushwa. Kisha kano za kamba zishuke. Mnyama kashafanya uhandisi. Wewe hukuangalia tu.

Wenzetu wa mbali wameangalia. Na hapa ndipo moyo waniuma. Wale mnaocheza Horizon Zero Dawn kwenye vibanda vya PlayStation, yule Tallneck mnayempanda hadi kichwani ni nani? Ni twiga. Twiga wa mashine, kichwa kama sahani kubwa. Aliundwa Amsterdam, mchezo ukatoka 2017. Na twiga wa kweli wako Haller Park, Bamburi, matatu moja tu kutoka mjini, wala mkononi mwako vyakula. Nani kati yetu amewahi kwenda pale na daftari badala ya kwenda kupiga selfi? Mwajua twiga akitembea hupeleka miguu ya upande mmoja karibu pamoja, kama ngamia wa ufuoni Nyali? Mwajua shingo yote ile ina mifupa saba tu, idadi ile ile ya shingo yako? Mtoto wa Bamburi angemuunda twiga wa chuma mwenye pingili saba ndefu na watu wangenyamaza. Badala yake twalipa shilingi kwa dakika kumpanda twiga wa Mholanzi.

Au The Wild Robot ya 2024. Roboti Roz aanguka kisiwani, hajui kitu, na kati ya masomo yake ya kwanza ni kumuiga kaa ili apande mwamba. Kaa! Na sauti ya Roz ni ya nani? Lupita Nyong'o. Sauti yetu, na kaa kama wale wa pale chini ya ngome. Mimi nliiangalia nikiwa nimekunja mikono kama mama mkwe.

Msinielewe vibaya, sisemi hapa kwetu hakuna aliyejaribu. Super Sema ilitoka Nairobi 2021, msichana apambana na Tobor, na Tobor ni "robot" ukisoma kinyume. Raha yake. Lakini inayonikaa kichwani zaidi ni Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda, moja ya filamu kumi za Kizazi Moto zilizotoka Disney+ Julai 2023. Wachungaji wa ng'ombe ambao ni nusu mtu nusu mashine, katika nyanda za ufalme wa Chwezi. Waona tofauti? Huyu hakuuliza roboti avae nini. Aliuliza roboti afanya kazi gani, na kazi ikatoka kwa watu wake: kuchunga. Kutoka hapo kila kitu chafuata. Na bonasi ya kejeli: mkusanyiko una jina la Kiswahili, mna filamu ya Mkenya Ng'endo Mukii, na siku ulipotoka Disney+ haikuwa imefunguliwa Kenya. Jina letu, skrini ya wengine. Hilo ni posti nzima ya siku nyingine, sitaki presha ipande.

Najua visingizio, vyote nimevitumia. "Hatuna programu." Blender ni bure. Flow, ile filamu ya paka wa Latvia, ilitengenezwa kwa Blender, na mwaka 2025 ikaishinda The Wild Robot yenyewe kwenye Oscar. "Hatuna roboti wa kujifunzia." Printa zilizokufa zimejaa kila saiba, na kila moja ina mota ndani. Ile mota ndogo ya sevo ya buluu huzunguka nusu duara. Ifunge kijiti cha aiskrimu, tayari una mguu. Mguu wangu wa kwanza wa kaa ulikuwa wa vijiti na gundi, ulivunjika siku ya pili, na ulinifundisha kuliko vidio mia, kwa sababu ulipovunjika ulinionyesha uzito uko wapi. Kwenye kompyuta hakuna kitu kizito. Tembo na sisimizi wana uzito sawa, sufuri, mpaka wewe uwape. Usipowahi kubeba, utawapa vipi?

"Lakini akili mnemba itanichorea." Haya, ijaribu. Mimi nliiomba "kaa wa mashine wa Mombasa." Nikapata miguu sita, nikapata kumi na moja, nikapata magando matatu. Wote wanameremeta. Wote wana taa ya buluu. Mmoja alikuwa na kikoi, wallahi. Ile mashine hukupa wastani wa kila kitu ambacho watu wameshapakia mtandaoni, na sisi hatujapakia kaa wetu. Hata ingepata hesabu ya miguu sawa siku moja, wewe bado hutajua kwa nini ni kumi.

Kisingizio kimoja nakiheshimu: pesa. Mwaka jana kampuni moja, siitaji, ilinitafuta nifanye tangazo la sekunde thelathini kuhusu kusafisha bahari. Nikawapelekea kunguru. Kunguru wa chuma, kwa sababu hapa kwetu kunguru ndiye msafishaji mkuu, apende asipende mtu. Aruka hatua mbili mbili kwa pamoja, aangalia kwa jicho moja, aiba, abeba. Kila mtoto wa Old Town angemjua kabla hajatua. Wakaniambia ni ndege mbaya. Wakataka simba. Simba wa chuma, baharini, mwenye manyoya ya dhahabu. Nikawauliza simba anafanya nini majini. Wakasema, "Ni alama ya Afrika."

Nliwafanyia yule simba. Kodi ilikuwa imefika na nyanya yangu alikuwa na dawa za kununuliwa. Pesa ililetwa nusu, nusu ya pili baada ya miezi minne ya kupiga simu. Yule simba hayuko kwenye ukurasa wangu na musimtafute. Kwa hivyo nikisema mafundi cherehani, najua vizuri cherehani iko wapi. Iko kwangu.

Sasa munaniuliza, kama si kikoi ni nini? Niwape kinachonikosesha usingizi.

Kule Uholanzi kuna mtu aitwa Theo Jansen. Tangu 1990 anaunda wanyama wa mabomba ya plastiki wanaotembea ufuoni kwa upepo peke yake. Hakuna mota, hakuna betri. Vipimo vya miguu yao ni namba kumi na moja, ambazo alizipata kwa kuiacha kompyuta ijaribu na kuchuja urefu tofauti tofauti hadi mwendo ukawa laini. Nlipowaona mara ya kwanza nliwaza: huyu ana upepo mmoja wa ufuo wa kwao. Sisi tuna kaskazi na kusi! Tuna pepo mbili ambazo zimeamua nani afike Mombasa na nani aondoke, kwa karne na karne. Muwaze kiumbe wa mashine ambaye mwili wake wabadilika na msimu. Kaskazi ikivuma yuaja. Kusi ikishika ageuka. Katikati, wakati wa maleleji, upepo haujui wataka nini, yeye hulala mchangani na watoto humpanda.

Na mwili wake usiwe wa bati na boliti. Nendeni mukasome kuhusu mtepe, ile jahazi ya zamani ya pwani hii iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari. Mbao zilikuwa zikicheza kidogo mawimbi yakipiga, chombo chafuata maji badala ya kushindana nayo. Leo maabara kubwa za dunia zatafuta roboti laini, wasiovunjika kwa sababu wanakubali kupinda. Babu zetu walikuwa wakizishona mbao. Mkia wa kiumbe wangu ni tanga na foromali. Misuli yake ni henza na makapi: vuta kamba, kiungo chainuka, na ile sauti ya kapi kavu ndiyo sauti yake ya kulia. Viungo vimezibwa kalafati, maana ataingia chumvini. Pezi la mbele nimelitoa kwa mifupa ya nyangumi pale Fort Jesus. Ndani ya pezi la nyangumi kuna mifupa ya vidole kama ya mkono wako, kwa hivyo pezi langu halipigi kama kasia gumu, lapinda kidole baada ya kidole.

Hana kikoi. Hana hata rangi bado. Nlimwonyesha binamu yangu wa miaka tisa, mchoro wa penseli tu, akauliza, "Huyu ni wa hapa?" Mimi sikuwa nimesema chochote.

Kwa hivyo mwenye ile vidio ya roboti wa kikoi, na najua utasoma kwa sababu tayari kuna watu ishirini washakutagi: mkono wako ni mzuri. Mwanga wako ni mzuri kuliko wangu, yale mawe ya ngome umeyapatia kabisa. Ndio maana nimekasirika, ungekuwa hujui kitu ningepita tu. Njoo Jumamosi maji yakitoka, mimi huwa kule chini kwenye miamba. Njoo na daftari, simu iwache mfukoni.

Kaa wangu nimeanza upya. Miguu minne imekwisha, upande wa kulia, na sasa yashika chini. Mzee ameiona. Amesema kaa amepona, lakini bado yuachechemea.